Ukumbi wa Taifa Nairobi: Nenda kwa Miguu, Fika Mapema

Kila muhula hakosi mtu wa kuniuliza jinsi ya kufika Kenya National Theatre. Mara ni mwalimu mwenzangu wa Pwani anayetaka watahiniwa wake wa kidato cha nne waione jukwaani tamthilia wanayoisoma darasani. Mara ni mpwa wangu aliyehamia Nairobi kikazi, marafiki wamemwalika kwenye mchezo wa Jumamosi, naye ananipigia simu: "Shangazi, nishukie wapi?" Jibu langu halibadiliki. Shuka mbali, utembee.

Ningeweza kumwambia aagize gari kwa simu na kuandika jina la ukumbi, na muda si muda angekuwa langoni, mkabala na hoteli ya Norfolk. Angefika salama na mapema. Lakini barabara ambayo angeipita kasi ina mengi ya kumwambia kuhusu jukwaa analokwenda kulitazama, na mengi ya hayo hayasemwi ndani. Nimefundisha Kiswahili Mombasa kwa miaka mingi. Ukumbini pale nimepeleka wanafunzi, nimekwenda na jamaa, nimekwenda peke yangu. Safari zilizonikaa moyoni ni zile tulizotembea.

Sisi wa Pwani siku hizi tunaanzia Miritini, kwenye stesheni ya treni ya Madaraka. Treni ya asubuhi huvuka Tsavo jua likiwa juu, na watoto ambao hawajawahi kuvuka Mariakani hubandika nyuso zao madirishani wakitafuta ndovu. Ikifika Syokimau, abiria wengi hukimbilia teksi. Mimi huwaambia wanangu wanifuate upande wa pili, kwenye treni ya abiria wa mjini inayotupeleka hadi stesheni ya zamani katikati ya Nairobi. Nauli yake ni ndogo ikilinganishwa na teksi, na haikwami kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa. Zaidi ya hayo, inakushusha pale ambapo Nairobi yenyewe ilianzia. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na kabla yake palikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai. Mji uliota kandokando ya karakana za reli.

Kutoka stesheni hadi ukumbini ni mwendo wa kama nusu saa kwa mtu asiyesimama njiani. Sisi husimama.

Ukivuka Haile Selassie Avenue unaingia Moi Avenue, na kwenye kona ileile kuna bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani uliokuwa hapo ulipolipuliwa na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Majina yao yameandikwa ukutani. Wanafunzi wangu walizaliwa miaka mingi baada ya siku hiyo, nami huwaacha wasome kimyakimya kabla ya kuendelea. Mbele kidogo utaiona sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri, imesimama karibu na jengo la Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa. Aliuawa kwa risasi mtaa huohuo tarehe 5 Julai 1969, ulipokuwa ukiitwa Government Road. Ukiwa na saa moja ya ziada, ingia kwenye Hifadhi hiyo. Kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, na kwangu ni miongoni mwa hazina kubwa za mji ambazo watu huzipita bila kugeuza shingo.

Kisha kata kushoto hadi Mtaa wa Kimathi. Hapa usiharakishe. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilizinduliwa mwaka 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Amesimama na bunduki mkononi, nywele zake za msituni zimesokotwa, na watu wa mjini hupita chini yake wakizungumza na simu zao. Mtazame vizuri, kwa sababu utakutana naye tena kule unakokwenda. Karibu na hapo, kwenye makutano ya mtaa wake na Kenyatta Avenue, ipo hoteli ya Stanley, iliyokuwa kituo cha walowezi na wawindaji. Mtaa unaobeba jina la mtu aliyekufa akiwapinga walowezi unapita mlangoni pao. Mwanafunzi mmoja aliliona hilo kabla sijalisema, akanigusa mkono: "Mwalimu, tazama jina la barabara." Tangu hapo silisemi mimi. Nangoja waone wenyewe.

Rudi Moi Avenue, endelea kaskazini. Upande wa kushoto utafika Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliupa mji mwaka 1906. Mchana utakuta wahubiri, wachekeshaji, na wale wanaojiita Bunge la Mwananchi wakijadili bei ya unga na siasa za nchi, msemaji katikati na wasikilizaji wamemzunguka. Mwalimu yeyote wa fasihi simulizi atatambua mara moja anachokiona: mtambaji, hadhira, ukumbi usio na paa, na mwitikio wa papo hapo. Kama una wanafunzi, waache wasikilize kidogo, halafu waulize baadaye jukwaani walikuta nini ambacho hakikuwapo bustanini, na bustanini kulikuwa na nini ambacho jukwaa limekikosa. Nimepata insha nzuri sana kutokana na swali hilo.

Walio na njaa wale hapo mjini, kwani karibu na ukumbi chakula ni ghali. Soko la City Market lipo Mtaa wa Muindi Mbingu, hatua chache kutoka bustanini, na upande wake wa nyuma wanakaanga samaki na kusonga ugali. Kwa mtu wa Pwani, tilapia hampiku changu, lakini moto ni moto, na mlo ule hushibisha hadi usiku.

Ukivuka University Way, umefika Harry Thuku Road. Ni barabara fupi, na kwa anayepita na gari haina ajabu. Kituo cha Polisi cha Central kipo karibu na mwanzo wake. Chuo Kikuu cha Nairobi kipo kushoto, miti yake imeegemea barabara. Mbele zaidi ndipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na ukumbi wa taifa ukiitazama kutoka ng'ambo.

Hapa ndipo huwakusanya watu wangu na kuwasimulia, na huchukua muda wangu.

Harry Thuku alikuwa kijana mwenye kazi ya simu katika ofisi za hazina ya serikali ya kikoloni. Akaunda chama, akaanza kupinga kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, kodi ya kibanda, na kazi za kulazimishwa ambazo wanawake na wasichana walikuwa wakitolewa majumbani kwenda kuzifanya kwenye mashamba ya walowezi. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa na kuwekwa kwenye kituo cha polisi cha hapa. Watu wakaacha kazi, wakaja kukaa nje ya kituo, wengi wao watumishi wa majumbani, madereva, na wanawake kutoka vijiji vya jirani. Tarehe 16 wakiwa bado pale, baadhi ya viongozi walitoka kuongea na serikali, wakarudi na ahadi tu, wakawaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka.

Ndipo mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake mbele yao na kuwaambia wachukue rinda lake wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wao wameshindwa kuwa wanaume. Kwa Wagikuyu, na kwa jamii nyingi zetu, mwanamke mzima kufanya hivyo hadharani ni laana na aibu isiyomezeka. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukuma kuelekea mlangoni, askari wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwa wa kwanza. Na simulizi za walioshuhudia zinasema kuwa baadhi ya Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walipiga risasi pia, kutoka pale walipokuwa wameketi na vinywaji vyao.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Barabara ikaja kupewa jina lake baadaye. Nyanjiru hakupewa barabara hiyo, nami kila nikisimama hapo hulisema jina lake kwa sauti na kuwataka watoto walirudie, ili wakitoka Nairobi wawe wamelibeba.

Sasa ndipo huwaambia wageuke wautazame ukumbi.

Sheria ya kuanzisha kituo cha utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi ni sehemu yake, ilipitishwa mwaka 1951. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Novemba 1952, na aliyeufungua ni mwigizaji wa Uingereza, Ralph Richardson. Unganisha tarehe hiyo na nyingine ambayo kila mtoto wa Kenya ameisoma: tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na Jomo Kenyatta na wenzake kukamatwa. Wiki chache baadaye, huku maelfu wakisombwa kwenda kambini na Kimathi akiwa msituni, walowezi walikuwa wakifungulia jukwaa lao mkabala na hoteli yao, kilomita kadhaa tu kutoka vitongoji ambako Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku bila kibali. Liliitwa la taifa tangu mwanzo. Taifa la nani, hilo ndilo lililogombewa kwa miaka 30 iliyofuata.

Baada ya uhuru jengo halikubadilika haraka kama bendera. Michezo ya Kiingereza na ya wageni iliendelea kushika kalenda. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililofanyika Lagos mapema mwaka 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha nchi: moja ya Francis Imbuga, na ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Kimathi, ambayo Waswahili tunaisoma kwa jina la Mzalendo Kimathi. Seth Adagala ndiye aliyeiongoza jukwaani. Waandalizi waliomba nafasi katika mwezi wa Oktoba, mwezi wa kuwakumbuka wapigania uhuru, na ikawabidi kuvutana sana na wenye ukumbi. Mwishowe kila tamthilia ilipewa siku nne, huku maonyesho ya wageni yakipewa nafasi ya kutosha.

Siku nne. Lakini tazama kilichotokea. Tarehe 20 Oktoba, usiku wa kwanza, mchezo ulipofika mwisho waigizaji walishuka jukwaani wakiimba na kucheza, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka wakawafuata. Ngũgĩ ameandika jinsi msafara ule ulivyotoka nje ya mlango, mwigizaji na mtazamaji hawatambulikani tena, ukaingia barabarani ukielekea upande wa Norfolk. Polisi wakafika, wakaurudisha. Ni barabara ileile aliyoangukia Nyanjiru miaka 54 nyuma.

Ndiyo maana nasema mtu asishushwe mlangoni. Ukiisoma tamthilia ile darasani Likoni au Voi, utaona maneno ya kupigia mstari kwa ajili ya mtihani: dhamira, maudhui, mbinu za lugha. Ukisimama kwenye ngazi za ukumbi na kutazama ng'ambo ya barabara, unaelewa kwa nini wimbo na ngoma viliwatia watu hofu. Umbali kati ya jukwaa, kituo cha polisi na baraza ya walowezi ni umbali wa sauti ya mtu kuita. Hakuna mwongozo wa mwalimu unaoweza kulifundisha hilo. Miguu inafundisha.

Mwaka 1982 milango hiyo ilifungwa tena kwa namna nyingine. Kikundi cha wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kilikuwa kimeandaa mchezo wa nyimbo kutoka makabila mengi ya Kenya, wauonyeshe Februari ndani ya ukumbi wa taifa. Walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wamewekwa. Wakaenda kufanyia mazoezi chuo kikuu, hapo jirani, na watu wakamiminika kuwatazama mpaka nako wakakatazwa. Mwezi uliofuata kituo chao kule kijijini kikabomolewa. Mĩcere Mũgo alikwenda uhamishoni mwaka huohuo, naye Ngũgĩ hakurudi nyumbani kuishi tena. Mĩcere alifariki mwaka 2023, Ngũgĩ tarehe 28 Mei 2025. Niliposikia habari ya Ngũgĩ nilikuwa chumba cha walimu, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni zile ngazi.

Ukumbi wa leo ulifunguliwa upya Septemba 2015 baada ya ukarabati mkubwa. Viti ni vizuri, taa na sauti ni za kisasa, na ukubwa wake ni wa kadiri, jambo ninalolipenda mno: hata aliyekaa safu ya mwisho huona jasho la mwigizaji. Wanafunzi waliozoea kutazama kila kitu kwenye kioo cha simu hushtuka. Mhusika anapolia, analia hapo, na akisahau neno, ukumbi mzima hushika pumzi mpaka alipate. Katika kituo hichohicho kuna Ukumbi Mdogo, ambako vikundi vichanga huonyesha kazi zao, na jumba dogo la maonyesho ya picha liitwalo Cheche. Ukifika mapema, zungukia huko. Mara nyingi utakuta vijana wakifanya mazoezi ya ngoma uani au wakishindana mashairi chini ya mti, na hakuna atakayekufukuza.

Haya sasa ndiyo ninayowaambia wanaokwenda.

Ukitoka Thika Road, matatu nyingi huingia mjini kupitia Ngara. Shuka Globe, utembee kuelekea chuo kikuu. Muulize mtu njia ya Norfolk, maana kila mtu anaijua, hata wale wasiojua kuwa kuna ukumbi wa michezo mbele yake. Ukitoka Westlands au Kangemi, mwambie makanga akushushe Museum Hill au hapo Chuo Kikuu, kisha ushuke kwa miguu. Ukitoka Eastlands au Ngong, matatu itakuacha katikati ya mji, na kutoka hapo fuata ile njia ya Jeevanjee niliyoieleza. Mtu mwenye shida ya kutembea asijitaabishe kwa ajili ya maneno yangu. Aende na gari mpaka langoni, asimulie historia akiwa ameketi.

Tembea mchana. Simu ikae mfukoni, begi mbele. Katikati ya Nairobi si pa kuogopwa, ila si pa kusinzia. Wanafunzi huwa nawapanga wawiliwawili, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, na wanaojua mji huwaweka katikati ili wasikimbie kuonyesha ujuzi.

Langoni utakaguliwa, uwe na kitambulisho. Tikiti nyingi hulipiwa kwa M-Pesa kupitia namba ambayo kikundi husika kimeitangaza kwenye bango lake, kwa hiyo soma bango vizuri kabla ya kutuma pesa, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Kununua mapema kwa kawaida huwa nafuu kuliko kununua mlangoni. Maonyesho ya tamthilia zinazotahiniwa huwa siku za wiki, asubuhi na mchana, na vikundi vinavyoyaandaa hupendelea shule ziweke nafasi mapema. Michezo ya watu wote mara nyingi huwa wikendi, alasiri na jioni. Fika kabla ya muda ulioandikwa. Hata ikiwa mchezo utachelewa, utapata kiti kizuri, na utapata muda wa kusimama nje ukatazama barabara.

Wapwani, beba sweta. Juni na Julai Nairobi ina baridi ya kuuma masikio, na mtoto anayetetemeka hasikii mazungumzo ya jukwaani. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei nao unataka mwavuli, kwani mifereji ya mjini hufurika haraka.

Kwa walimu, nina neno moja zaidi. Msiwape wanafunzi karatasi ya maswali waijaze gizani. Nimeona hilo likifanywa, na watoto wakatumia saa mbili wakiinamia magoti yao badala ya kutazama mchezo. Waache watazame. Maswali yapo na yatakuwepo. Mchezo ukiisha, waombe waigizaji dakika chache. Wengi wao ni vijana wanaoishi kwa kazi hii ngumu, wakiigiza asubuhi kwa shule moja na mchana kwa nyingine, tena hufurahi kuulizwa jambo na mtu aliyesoma kitabu. Msichana wetu mmoja alimuuliza mwigizaji aliyecheza mhusika katili kama anamchukia mhusika wake. Yule kijana alifikiri kidogo, akajibu kuwa akimchukia hawezi kumwigiza, ni lazima kwanza atafute anachokiogopa. Nimefundisha uhusika kwa miaka, na sijawahi kuueleza hivyo.

Ninachokitamani ni kuona Kiswahili kikipata jioni za Jumamosi. Asubuhi za shule tunajaza ukumbi kwa tamthilia za Kiswahili, watoto wanacheka na kulia. Ikifika wikendi, watu wazima wanapokuja na wachumba wao na wazazi wao, mabango mengi ni ya Kiingereza au ya mchanganyiko wa lugha za mji. Sina ugomvi na michezo hiyo, nami nimeifurahia mingi. Lakini waandishi tunao, waigizaji tunao, na wasemaji wa Kiswahili wanaoweza kulipia tikiti Nairobi wapo tele, kuanzia South C hadi Kayole. Mpwa wangu na wenzake wameanza kununua tikiti kwa pamoja kila mchezo wa Kiswahili unapotangazwa, na humtumia mwandalizi ujumbe kumweleza kuwa wamekuja kwa ajili ya lugha. Nimewaomba wasiache.

Na kurudi? Mchezo wa jioni ukiisha giza limeshaingia, na hapo ushauri wangu wa kutembea unakoma. Subirieni ndani ya lango, agizeni gari, mkague namba zake kabla ya kupanda. Mkiwa wengi, kodisheni matatu moja tangu mchana na mkubaliane na dereva saa na mahali, naye aiwekee simu yake chaji. Wanaolala karibu na stesheni wapitishwe Moi Avenue kwa gari. Wanafunzi wangu huomba dereva apunguze mwendo tunapopita kituo cha polisi, wamwonyeshe aliposimama Nyanjiru. Wengi wa madereva hawakuwa wakijua, na kuna aliyezima redio ili asikie vizuri.